Choo cha Gari Juu ya Chemchemi

Mjukuu wangu Neema,

"Magari yenye vyoo ndani hayaachi uchafu," unaandika, kisha unaniuliza watalii wa kampuni yenu wapige kambi wapi hapa Mgwashi. Marahaba, babu yako hajambo, viazi tumevuna. Lakini huo uchafu unaishia wapi, mbinguni?

Serikali ilipofungua milango ya biashara na watalii wakaanza kuja, gari la kwanza la namna hiyo lilifika kwetu. Kwa heshima, wazee waliwapa wageni uwanja wa juu, penye chemchemi. Asubuhi nilimkuta dereva amefungua tangi la choo, kinyesi kinateremka kwenye mfereji tunakochota maji ya kunywa.

"Mama, wanamwaga!"

"Nyamaza, ni wageni," mama mkwe alinikemea, akawapungia mkono. "Karibuni tena!"

Nami nikapunga. Wiki hiyo baba yako, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alilazwa kwa kuharisha. Siku zile sizisimulii. Dereva yule nilimlaani, ila mkono wangu ule ndio unaonichoma mpaka leo. Hatukumwonyesha pa kumwaga, tukamshukuru.

Basi wewe na bosi wako chimbeni shimo kule chini, mbali na maji, kabla ya kuleta gari hata moja. Nijibu nani anachimba, na lini.

Bibi yako