Hotuba Niliyoitoa Mezani Pako

Shangazi mpendwa,

Mitihani imekwisha, na sauti imenikauka kwa mikutano ya wanaharakati chuoni. Lakini siachi kuikumbuka Jumamosi ile uliponialika nionje upishi wako katika mkahawa mdogo wa yule bibi Mjapani. Ulipowainamia watalii ukiwaandalia wali na samaki, nilisimama nikazihutubia meza zote kwamba kuinama huko ni utumwa, na yule bibi ni mnyonyaji. Ulininong'oneza, "Kaa ule, baba, supu inapoa." Nikatoka kwa kishindo.

Jana nilirudi. Bibi aliniinamia mlangoni, mimi niliyemtukana, kama anavyomwinamia kila mgeni.

"Shangazi yako ameacha kazi," akasema. "Ameona haya."

Uliipenda kazi ile. Nani amekunyang'anya, Shangazi, kama si mimi mkombozi wako?

Rudi jikoni, nami nitanyamaza.

Mtoto wa kaka yako, mwenye hatia