Kuku wa Uvunguni

Dominick,

Marahaba, ijapokuwa hujaniamkia. Mazishi ya bibi yako kila mtu anayasimulia ndivyo sivyo, ila wewe umewapita wote, maana umeyatia kitabuni.

Likizo hii hapa Likawage watu wanaulizana, "Mwenzangu unasoma nini?" Wanajibiwa, "Cha mjukuu wa Sebastiani, kile cha bibi mchoyo." Marietha wangu mchoyo! Mwanamke aliyewalisha hata waliokuja kutuibia korosho!

Sikiliza, mjinga wa mjini. Haruna ni mtani wetu. Siku ile alijilaza njiani mbele ya jeneza akapiga kelele, "Huyu hapiti! Tukibisha hodi alikuwa anaficha kuku uvunguni!" Kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo, atukane mpaka wafiwa wacheke. Nikacheka hata mimi, bingwa wa kulia. Wewe ukayabeba matusi ya mtani ukayaandika kama kweli. Mbuzi wangu anakushinda akili. Kitabu chako amekitafuna chote, kaanzia jalada.

Njoo usimame kanisani useme bibi yako hakuwa mchoyo. Usipokuja, nikifa usikanyage kwangu. Haruna yupo, atanitukana vizuri, tena kwa mapenzi.

Ni mimi babu yako,
Sebastiani

Mama yako mdogo Romana, anayeniandikia, amegoma kuifunga barua mpaka niseme kweli kuhusu mbuzi. Haya, hakukitafuna. Kipo chini ya mto wangu. Kuna ukurasa bibi yako anacheka, na kila jioni namwambia Romana anisomee huo tu.