Lansi Si Jina la Ubatizo

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba yako nitakuja kuidai huko huko.

Tangu uondoke, Namswea imejaa wanunuzi binafsi wa kahawa. Wanaita soko huria. Nimewaambia hadharani: huria tumepewa sisi, soko wamebaki nalo wao. Ungekuwepo ungenifokea, "Kaa chini, kuruta!" Sasa hakuna wa kunikalisha, mjomba. Nasimama tu.

Wanao waliuza kahawa, wakakujengea msalaba wa saruji. Waliagiza uandikwe cheo chako cha jeshi la Mwingereza, Lansi Koplo Kosmas. Nafasi ikawa finyu, fundi akaandika LANSI K. KOSMAS. Siku ya kuubariki, katekista mpya, ambaye hakuwahi kukuona, akasoma hapo hapo msalabani: "Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Lansi." Tukaitikia amina. Mkeo hakuitikia.

"Lansi ndiye nani?" akauliza kwa sauti. "Mume wangu yuko toharani, halafu sala zake anapewa mwanamume mwingine?"

Unanijua. Nikapaza sauti: si jina la ubatizo, ni cheo! Nikakumbuka ulivyojitambulisha kwa cheo hicho kule Liuli, na yule mama muuza usipa, dagaa wa ziwani, akakujibu, "Lansi? Pole baba, imekuanza lini?"

Nikawaeleza nilichosoma kwenye kamusi. Lansi ni mkuki. Wanasema zamani huko Ulaya, askari wa farasi aliyevunjikiwa mkuki na kufiwa na farasi alipelekwa kwa askari wa miguu, akapewa kikundi kidogo akiongoze. Waitalia walimwita mkuki uliovunjika. Mwingereza akalichukua neno, akaficha kule kuvunjika, akakushonea wewe mkononi kama heshima! Nikadai lifutwe pale pale, fundi alete patasi.

Mkeo akanitazama. "Mkuki uliovunjika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo namjua. Liacheni. Sala zimefika."

Mjomba, makaburini palichekwa! Katekista alijificha nyuma ya kitabu, mabega yakimtikisika. Mkeo naye alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Nikakaa chini. Mimi.

Pumzika, mjomba. Nakuahidi jambo ambalo sijawahi kumwahidi mtu: kunyamaza. Maana ya neno lile sitaieleza tena popote, hata nikichokozwa. Ila nasikia Liuli wameshapata habari za mkuki.

Mpwa wako,
Gervas