Niliweka Tiki kwenye Chumba Kitupu

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana siwezi tena kumtazama usoni mtoto wa kaka yangu. Mimi ni afisa wa udhibiti ubora chuo kikuu, na miaka sita iliyopita nilitumwa nchi mbili za nje kulinganisha wenzetu wanavyoendesha vyuo, nikaona kule wakaguzi wanafungua makabati wenyewe na kuongea na wanafunzi bila mhadhiri kuwepo, na baraza la chuo halimwogopi mkuu wa chuo, nikarudi nimepamba moto, lakini kwetu mkaguzi anasoma faili, na faili naliandika mimi, basi mkuu akaniambia, "Mama Fomu, vifaa viko njiani, wewe weka tiki tu," nami nikaweka tiki kwamba maabara ipo, kumbe ni chumba chenye kibao mlangoni na viti vibovu ndani. Kozi ikaidhinishwa. Nikamshauri binti yetu aje aisome, na aliponilalamikia kuhusu maabara nikamwambia avumilie. Sasa amepata kazi ya maabara ng'ambo, bodi ya usajili ya huko inamtaka arudie miaka miwili ya masomo kwa kukosa mazoezi ya maabara, na juzi kaniuliza, "Shangazi, kwani mimi nilikosea wapi?" Nikajifanya simu inakata. Najuta, mshauri. Nikisema ukweli kazi sina, nikinyamaza usingizi sina. Nifanyeje?

Mama Fomu,

Pole, ila pole yako ni fupi. Iliyobaki nampelekea binti. Ulisafiri kote huko kujifunza kwamba mwanafunzi aulizwe mwenyewe, halafu wa kwenu alipokuja kusema bila hata kuulizwa, ukamfunga mdomo! Mkuu wa chuo ana lake la kujibu, na utaratibu wenu mbovu naujua, lakini kalamu uliishika wewe.

Jumatatu iandikie tume ya vyuo, nakala kwa baraza la chuo, jina lako chini, uwaombe waje waufungue ule mlango. Huenda ukafukuzwa, sikufichi. Lakini wako wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaokalia vile viti wiki hii, nao wana shangazi zao wanaowaambia wavumilie.

Kabla ya barua, mpigie binti, na safari hii simu isikate. Usianze na mkuu wala vifaa vilivyokuwa njiani. Alikuuliza swali moja tu, na jibu unalo: "Hukukosea popote, mwanangu. Nilikosea mimi."