Kopo la Lami na Maji ya Chini

Kwa mdogo wangu Fundi,

Salamu nyingi, nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani kwako. U mzima? Mgongo umepoa, au bado unakulaza chali? Wifi yangu naye, mguu umepona? Mimi sijambo, ila goti la kushoto lina jeuri siku hizi. Wajukuu wote wazima na wanakula kama nzige. Anayeandika hapa ni mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, maana unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Habari ya huku ni ziwa. Unakumbuka kila mwaka baridi ikiingia na upepo ukivuma siku mbili tatu mfululizo, tunaamka tunakuta samaki wameelea matumbo juu, toka gatini mpaka kwenye matete. Mwaka mwingine wachache, mwaka mwingine hata pa kutia mguu hapaonekani. Na kila mara tunatafuta mtu wa kumlaumu. Hilo nitalirudia.

Mwaka huu alikuja mtaalamu wa maji, binti mwembamba mwenye buti kubwa kuliko yeye, akapanga chumba changu cha nje nilichokuwa nikiwekea kuni. Nikamuuliza anatafuta nini ziwani kwetu. Akasema anatafuta hewa. Nikamwambia hewa iko huku juu, basi amepotea njia. Alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akanieleza kwamba samaki naye anavuta hewa, ile iliyochanganyika na maji, na kwamba ziwa letu ni maji mawili yaliyolaliana: ya juu yana joto, ya chini yana baridi, na hayo ya chini hayajaonja hewa miezi mingi. Nikamwambia asinifanye mtoto. Maji ni maji.

Basi akanipandisha mtumbwini, na goti langu hili. Ana chupa nzito ambayo kizibo chake kina kamba. Inazama ikiwa imezibwa, akivuta kamba inafunguka hukohuko chini. Tuliishusha pima kumi na mbili. Ilipopanda ilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Akanipa ninuse. Fundi, yai viza! Nimekausha samaki miaka arobaini, pua hii inamjua samaki wa jana na wa juzi hata nikifumba macho, kumbe uozo ule ulikuwa ukiishi chini ya mitumbwi yetu siku zote na sikuujua.

Tangu hapo sikumpa raha. Kila asubuhi namgongea mlango, twende. Nilitaka kujua hayo maji yanapanda lini. Akasema baridi ikiyapoza ya juu yanakuwa mazito sawa na ya chini, na hapo upepo ukisukuma, ziwa zima linageuka kama mtu kitandani. Ya chini yanapanda na uozo wake, samaki wanakosa pumzi. Hakuna mtu aliyetia kitu, alisema.

Nikamwambia arudie hilo la mwisho. Akarudia.

Nikaenda jikoni, nikashusha darini kopo moja kuukuu, kutu tupu, nikampelekea. Nikamuuliza kama kopo la kiasi kile likisuuzwa ziwani linaweza kuua samaki wote wale. Akalinusa, akasema hiyo ni lami ya kuzibia mitumbwi. Si vizuri kuimwaga majini, lakini kwa ziwa kubwa hivi hata makopo mia yasingeweza. Akauliza nimelitoa wapi. Nikasema nimeacha sufuria motoni, nikaondoka.

Sasa, mdogo wangu, kama umesimama, kaa.

Kopo hilo ni lako. Mwaka ule walipokibomoa kibanda chako wakidai umewatilia samaki sumu, na kukuambia uondoke kabla ya adhuhuri, uliondoka ukiamini ni muuza chumvi aliyesema amekuona ukisuuza kitu ziwani jioni iliyotangulia. Miaka thelathini na mmoja hujamtumia salamu. Amefiwa na mumewe, hukumpa pole. Hakuwa yeye. Ni mimi.

Watu walikuwa wamenizunguka kwenye chanja zangu za samaki, wanapiga kelele, wanauliza nani alikuwa wa mwisho ziwani. Nikasema ndugu yangu alikuwa anasuuza kopo. Wakauliza kopo la nini. Ningesema la lami ya mitumbwi, unalosuuza kila siku. Sikusema. Niliogopa, na kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, nilidhani huenda kweli ni wewe. Mtoto niliyembeba mgongoni! Kisha nikaliokota kopo nikalificha, na nilipoona unamshuku muuza chumvi, nikakuacha umshuku.

Hapa mkwe wangu ameweka kalamu chini ananitazama. Nimemwambia andika, utanitazama baadaye.

Juzi nilikwenda kwa muuza chumvi. Akasema anajua ni mimi tangu siku ile, maana walionisikia walimwambia, na jioni ile yeye alikuwa kitandani na homa; alikuwa anangoja tu nichoke kuficha. Hakunipa kiti. Jana nimesimama gatini mbele ya wavuvi wote. Mtaalamu akaeleza ya maji, mimi nikaeleza yangu. Wawili kati ya waliokufukuza bado wapo, walikuwa wanatazama viatu vyao.

Upepo wa baridi umeanza. Leo nimetia mkono katika maji ya juu, kisha katika ya chini yaliyopandishwa na chupa: tofauti imebaki kidogo mno. Wenye vizimba tumewaambia wawatoe samaki wao mapema. Mtaalamu anasema ziwa litageuka baada ya siku kumi, mimi nasema nane.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Barua hii inakuja na dereva wa gari la samaki, itakufikia kesho. Panda naye akirudi. Nataka siku samaki watakapoelea uwe umesimama gatini, mikono mifukoni, watu wote wapo, na asiwepo hata mmoja wa kukugeukia.

Msalimie wifi, wasalimie watoto na watoto wao, kila mmoja kwa jina lake. Kopo sijalitupa. Ukija, lichukue, au unipige nalo kwanza.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba, kisha nikakutupa.