Mume Wangu Ananifundisha Kulenga, Nami Najikosesha Makusudi

Mpendwa mshauri Eridania, nakuomba msaada huku natabasamu, maana nina wiki sita tu za ndoa na mume wangu Eligio ni asali tupu, kila nikiamka naona nimeokota dhahabu, ila kuna jambo la meza ya pool linanizungusha kichwa. Hapa mtaani kwetu Moca maharusi wapya ndio hufungua mashindano ya sikukuu ya Bikira wa Rozari, mke na mume wanapiga kwa zamu dhidi ya maharusi wa mwaka jana, na wakishindwa wanaupikia mtaa mzima mchuzi wa sancocho huku wakizomewa, kwa hiyo Eligio ananifundisha, anasimama nyuma yangu, ananikumbatia, ananishika mkono wa fimbo, ananinong'oneza, "Angalia doa ambapo mpira wa kulengwa unatakiwa kuguswa, mpenzi, peleka katikati ya mpira mweupe palepale," nami nayeyuka, na mpira unakosa shimo, yeye mwenyewe anakosa, anasema meza imepinda.

Juzi mama mkwe, doña Nereida, alinikuta nikifanya mazoezi peke yangu, akacheka. "Meza haijapinda, aliyepinda ni mwanangu!" Akaweka mpira wa pili ukigusana na ule wa kulengwa, kwa nyuma, kwenye mstari mmoja na shimo, kisha akauondoa. "Mweupe uende ukakae pale huu ulipokuwa." Nikapiga, ukaingia! Mara tisa kati ya kumi! Mshauri, inakuwaje mpira usiokuwepo uonyeshe njia kuliko uliopo? Tangu hapo najikosesha makusudi ili aendelee kunikumbatia na asijisikie vibaya, na mechi ni Jumapili. Nifanyeje?

Yokasta

Yokasta mwanangu, hongera, na pole, ingawa pole umejitakia. Mpira una unene. Ukipeleka katikati ya mweupe kwenye doa, ubavu wake unatangulia kugonga pengine. Mama mkwe amekuonyesha mweupe uwe wapi wakati wa kugongana. Si uchawi, ni kutazama.

Sasa huko kujikosesha kukome! Mtu ana mapenzi tele na shabaha mbovu, nawe unamwacha akazomewe na mtaa? Wala usimtume mama yake. Mume wa wiki sita hafundishwi na mama mbele ya mkewe. Kesho asubuhi weka huo mpira wa pili, mpe yeye fimbo. Atasema meza imepinda, usibishe. Simama wewe nyuma yake, mkumbatie, mshike mkono, mnong'oneze. Mpira ukiingia, uone kama atataka umwachie.