Rejeta ya Chumba cha Bibi

Al-Rawdah, Jeddah

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Kifua bado kinakubana usiku? Huko Voi mmepata mvua? Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto niliungua. Usishtuke, unapona.

Najua utauliza nafanya nini Jeddah. Heri nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Riyadh, kule ninakofanya kazi, sasa ni baridi ya kuuma mifupa. Jengo letu ni la zamani, lina boila moja huko chini, na maji moto hupanda kwa mabomba hadi nyumba zote, yanaingia kwenye vyuma vya ukutani wanavyoviita rejeta, kama ya gari. Sasa Madam alinunua kabati la chumba cha Bibi, mama mzazi wa Baba mwenye nyumba, yule asiyeweza kutembea ninayemtunza. Rejeta ikazuia kabati. Mlinzi wa jengo alimwambia Madam kwamba ili kuihamisha lazima boila izimwe, maji yatolewe, na majirani wakubali kwanza. Madam hakutaka kungoja. Baba alipoenda kazini, akaleta fundi wa mtaani.

Nikamuuliza yule fundi, "Umefunga maji huko chini?"

"Mafi mushkila," akanijibu, hakuna shida, na huku spana tayari iko kwenye nati.

Mama, maji yaliruka hadi darini, meusi, yanafuka moshi! Fundi akatimua mbio. Bibi alikuwa kitandani, anapiga kelele. Nilimtupia blanketi nikampakata, na hapo ndipo maji yaliponipata mkono. Yeye hakuguswa hata tone. Lakini maji yalishuka hadi kwa jirani wa chini, mwenye mtoto mchanga, na jengo zima likabaki bila joto.

Majirani walipokuja juu na hasira zao, Madam alinivuta jikoni. "Sema wewe ndiye uliyeifungua ukisafisha. Wewe watakusamehe."

Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko kwa mume wake, Mama. Baba aliponiuliza mbele ya wote nikasema, "Si mimi. Aliitwa fundi."

"Mwongo huyu," Madam akasema.

Hakuna aliyenitetea. Kesho yake nikaletwa huku Jeddah kwa dada yake Madam.

Juzi Baba akanipigia. "Bibi hataki kula. Anakuita wewe tu. Rudi."

Nikamwambia, "Nampenda Bibi, Baba. Lakini yule jirani anaamini mimi ndiye niliyetaka kumuunguzia mtoto. Madam amwambie ukweli kwanza."

Akakata simu. Tangu hapo sikulala vizuri, nikijua wanaweza kunipandisha ndege nirudi mikono mitupu.

Leo asubuhi simu ikalia. Alikuwa jirani wa chini. "Madam wako amekuja mwenyewe mlangoni kwangu, amesema ukweli," akasema, sauti inakatika. "Nisamehe, binti. Nilikuombea mabaya." Nikasikia mtoto wake akicheka hapo karibu, nami nikakaa chini sakafuni nikalia.

Kesho narudi kwa Bibi.

Nisalimie Shangazi, na kaka Mwakio umwambie amtazame mwanangu asiache shule. Mbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi binti yako, ambaye aliogopa, lakini hakusema uongo,

Wakesho